Siku Seneti ilipoacha kura 60

Aprili 2017 nilikesha mbele ya televisheni nikimtazama Seneta Jeff Merkley wa Oregon akihutubia Seneti ya Marekani zaidi ya saa 15, mpaka kukakucha, akimpinga Neil Gorsuch, jaji aliyeteuliwa na Rais Trump, asiingie Mahakama ya Juu. Nilimheshimu sana, ingawa hotuba yenyewe haikuzuia chochote. Kilichokuwa na nguvu ni sharti la kura 60 za kufunga mjadala: bila maseneta 60 kati ya 100, mjadala haukufungwa na jaji hakupigiwa kura ya kuthibitishwa.

Wademokrati, chama cha Merkley, walikuwa na uchungu, na mimi niliuelewa. Obama alimteua Merrick Garland kwa nafasi hiyo hiyo Machi 2016, lakini Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublican waliokuwa wengi Seneti, na chama chake wakakataa hata kumhoji, mwaka ukaisha.

Tarehe 6 Aprili 2017 kura za kufunga mjadala wa Gorsuch zikawa 55, hazikutosha. Hapo ndipo nilipojionea jinsi kanuni inavyovunjwa bila kufuta hata mstari mmoja: McConnell alipinga uamuzi wa mwenyekiti wa kikao kwamba kura 60 bado zinahitajika, kura ikapigwa, akashinda 52 kwa 48, na kuanzia hapo wingi wa kawaida ukatosha kufunga mjadala wa majaji wa Mahakama ya Juu. Kesho yake Gorsuch akapita, 54 kwa 45.

Haki isemwe: Wademokrati ndio waliofungua mlango huo 2013, kwa majaji wa mahakama za chini.

Mimi bado naona jaji wa maisha anapaswa kuungwa mkono hata na wapinzani. Oktoba 2020 Amy Coney Barrett alipita kuingia mahakama hiyo hiyo bila kura hata moja ya Mdemokrati. Iliniuma sana.