Wiki 10 na wasichana 17

Wiki ya 1
Siku ya kwanza ya kuongoza kikundi cha wasichana kinachokutana kila wiki, nilifika na karatasi iliyojaa pande zote mbili. Shughuli 7 kwa dakika 90: kujitambulisha, wimbo, kuchora, mchezo, mafundo, hadithi, kuagana. Dakika ya 40 zote zilikuwa zimekwisha. Wasichana 17, wa miaka 7 hadi 10, wakabaki wananikodolea macho kama abiria wanavyomkodolea dereva gari likizima njiani.

Aliyeniokoa ni mwenzangu ninayeongoza naye. Yeye alikulia katika Girl Guides, chama cha skauti wa kike, na amekuwa akijitolea na watoto miaka mingi. Mimi hii ni mara yangu ya kwanza kuongoza watu wowote. Aliwaambia wajipange kwa tarehe za kuzaliwa, kuanzia Januari hadi Desemba, bila kutoa sauti hata kidogo. Vidole vikaonyeshwa, kukawa na kuvutana, cheko zikabanwa kwa viganja. Robo saa ikapita hivyo. Mbinu hiyo nimeiandika ndani ya jalada la daftari.

Wiki ya 2
Safari hii nikapunguza shughuli. Kutengeneza beji za karatasi, basi. Ila nilikuwa na mikasi 4. Wanne wakakata, 13 wakangoja, na mtoto wa miaka minane hajui kungoja mikono mitupu. Mmoja alikatwa nywele kidogo (nyuma, hazionekani, lakini mama yake nilimwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine).

Usiku nilikaa nikaorodhesha kila palipotokea fujo. Zilikuwa mara 4, na zote zilianza kwenye foleni. Hakuna hata moja iliyoanza katikati ya kazi. Tangu hapo naandika mpango kwa safu mbili: kushoto shughuli, kulia pengo linalofuata. Nani anagawa vifaa? Aliyemaliza mapema anakwenda wapi? Wa mwisho kwenye foleni ameshika nini? Safu ya kulia ndiyo inayonichosha kuliko ya kushoto.

Wiki ya 3
Tumegawa vikosi vitatu: viwili vya watu 6, kimoja cha 5. Nilikuwa nimeshavipa majina nyumbani, Waridi, Asumini na Yungiyungi, nikaandika na vibao kwa wino wa rangi. Hawakuvitaka. "Dada, sisi siyo bustani," alisema mmoja, na wenzake wakamuunga mkono.

Nilinuna, sifichi. Mwenzangu akacheka, akanikumbusha jambo: mwaka 1914, Girl Guides walipoanzisha tawi la wasichana wadogo, waliliita Rosebuds, yaani vichipukizi vya waridi. Inasimuliwa kwamba watoto wenyewe hawakulipenda, na mwaka 1915 likabadilishwa kuwa Brownies, yaani vibwengo wema wa hadithi. Kwa hiyo kosa langu limeshatimiza miaka mia na ushee.

Sasa tuna Radi, Nyuki na Mamba.

Wiki ya 4
Mvua. Walikuja 9. Mchezo wa kukumbuka vitu 15 vilivyofunikwa kwa kitambaa. Walinishinda wote.

Wiki ya 5
Mafundo. Nilichagua lile la kufungia bendeji, linalolala bapa lisimuumize mgonjwa. Kanuni nilikuwa nimeikariri: kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Nikasimama mbele yao, nikaonyesha taratibu, nikarudia. Waliofunga sawasawa ni 3. Wengine wote walipata lile fundo pacha lake baya, ambalo ncha zake zinachomoza kando kama masikio na likivutwa linateleza.

Ilinichukua muda kuona upumbavu wangu. Nimewaelekea, kwa hiyo kulia kwangu ni kushoto kwao. Nikawageuzia mgongo. Nafuu kidogo, lakini sasa sikuwaona, na nyuma yangu Mamba walikuwa wameshamfunga mwenzao kwenye kiti.

Yupo msichana wa Nyuki ambaye kwa wiki nne sijui kama nilimsikia akisema zaidi ya "abee". Alikuwa ameunganisha kamba mbili za rangi tofauti, nyekundu na bluu, kwa sababu tu za rangi moja zilikwisha. Akaja akanivuta nguo. "Dada, nyekundu inapita juu mara zote mbili."

Nikafungua, nikafunga tena, nikaangalia. Ni kweli. Ncha ileile ndiyo inayokwenda juu, mara ya kwanza ikitokea kulia, mara ya pili ikitokea kushoto. Ukishika rangi, huhitaji kujua kulia wala kushoto. Nilimwomba awaonyeshe Nyuki, Nyuki wakawaonyesha Radi, na kabla ya kuagana 14 walikuwa wanafunga. Yumo na yule anayetumia mkono wa kushoto, ambaye mimi nilikuwa nimeshamkatia tamaa.

Niliwaonya jambo moja: fundo hili ni la bendeji na vifurushi, si la kuning'inia wala kubeba uzito wa mtu.

Wiki ya 6
Siku mbaya. Mwenzangu alikuwa na dharura, akaondoka dakika 10 kabla ya muda. Wazazi wakaja mmoja mmoja hadi nikabaki na mtoto mmoja, na kanuni yetu inasema mtu mzima asibaki peke yake na mtoto. Tukatoka tukakaa nje ya mlango, mahali penye watu. Akaja mjomba wake. Mtoto alimkimbilia kwa furaha, lakini jina lake halikuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua. Nikamwambia, "Samahani kaka, naomba nimpigie mama yake kwanza." Simu ilipokewa mara ya tatu. Dakika hizo kaka huyo hakunificha alichofikiri juu yangu.

Ningefanya vilevile tena. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakuna kiongozi anayeondoka kabla ya mtoto wa mwisho, na akilazimika kuondoka, tuna mzazi mmoja wa akiba.

Wiki ya 8
Waliendesha wenyewe, kila kikosi dakika 20. Radi walisahau vifaa. Nilijiuma ulimi nisiwasaidie, nikahesabu hadi 60, na nilipofika 45 walikuwa wamebuni mchezo mwingine wa viatu vyao. Wiki ya 7 na ya 9 sina la kuandika, zilikwenda tu.

Wiki ya 10
Yule wa kamba nyekundu bado si msemaji, ila sasa anakaa mbele. Kikosi cha Mamba wameleta ombi rasmi, limekunjwa mara nne: wanataka kikao cha kubadili jina, kwa kuwa mamba "hana marafiki". Nimewapa dakika 10 za wiki ijayo. Kwenye safu ya kulia nimeandika: Radi na Nyuki wafanye nini wakati huo?