Utando Katika Kinywa cha Kishingo

Mikindani, Jumamosi usiku

Leo ni siku ya 23 tangu nilipomfungua kuku wangu Kishingo mdomo kwa mara ya kwanza nikaona kilichokuwa kinamzuia kula, na ndiyo siku ya kwanza nimepata utulivu wa kuandika. Mvua imekatika tangu adhuhuri, vyura wanalia kule bondeni kwenye minazi, naye amelala ndani ya tenga pembeni ya meza hii, kichwa amekificha chini ya bawa. Nataka kuyaandika haya nikiwa bado nayakumbuka kwa mpangilio wake, hasa yale niliyokosea, kwa sababu makosa yangu ndiyo yaliyomwongezea maumivu.

Kishingo ni kuku jike wa kienyeji wa aina ile isiyo na manyoya shingoni. Alibaki peke yake katika vifaranga tisa baada ya mwewe kuwamaliza wenzake, nikamlea jikoni ndani ya boksi mpaka alipoota mbawa. Tangu wakati huo, kila asubuhi nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, yeye husimama karibu na goti langu akingoja chembe zinazodondoka nje ya sinia. Asubuhi hiyo alikuja kama kawaida, akaidonoa chembe, akaitema. Akaidonoa tena, akatikisa kichwa kwa nguvu, ikadondoka. Kwa kuku mwenye manyoya ningeweza kudhani amemeza, lakini kwa shingo yake iliyo wazi huona kila tonge likishuka, na siku hiyo hakuna kilichoshuka.

Nilimbeba hadi mlangoni penye mwanga, nikamviringisha kwa kanga ili asipige mbawa, nikamfungua mdomo kwa kidole gumba na cha shahada. Pembeni mwa ulimi palikuwa na utando wa manjano iliyofifia, mzito kama ukoko wa uji uliokaukia chini ya sufuria, na mwingine mdogo kwenye kaakaa. Nyuma ya ulimi wa kuku upo mwanya mwembamba ambao katika miaka yangu yote ya kufuga sikuwahi kuutazama: hufunguka na kufumba kwa kila pumzi, nao ndio mlango wa njia ya hewa. Utando ulikuwa umesogea karibu na mwanya huo, na alipovuta pumzi nilisikia mkoromo mdogo, kama mtu mwenye mafua anavyokoroma usingizini.

Hapo ndipo nilipofanya makosa mawili, moja baada ya jingine. La kwanza lilikuwa kukimbilia duka la dawa za mifugo na kueleza kwamba kuku wangu ana kidonda mdomoni, nikauziwa antibayotiki ya unga ya kuchanganya kwenye maji bila kuulizwa swali hata moja, nami sikujiuliza ni vipi kuku asiyeweza kumeza atakunywa maji hayo. Siku tatu zilipita, maji yalibaki kama nilivyoyaweka. La pili naliandika kwa uchungu. Nilidhani kwamba utando ukiondoka ugonjwa nao utaondoka, kwa hiyo siku ya nne nilichukua kijiti nilichokifunga pamba nikaubandua. Ulitoka kama gamba la kidonda kibichi, na chini yake damu ikajaa kinywani. Alijaribu kulia, sauti haikutoka. Nilikaa naye sakafuni nikiinamisha kichwa chake ili damu idondoke nje, isije ikaingia katika ule mwanya, na nadhani tulikaa hivyo nusu saa.

Jirani yangu aliyepita kuomba moto alituona. Akaniambia kwa upole, "Dada, mchinje sasa hivi angali hai. Ukimwacha afe atakuwa kibudu, na hapo hafai kwa lolote." Hakusema vibaya, na najua wengi wetu huku Pwani tungemwambia mtu vivyo hivyo, kwa kuwa kuku ni kitoweo na ni fedha ya haraka, na kumwacha afe bila kuchinjwa ni kutupa riziki. Nilimjibu kwamba nitamwangalia kwanza usiku mmoja. Sikuwa na hoja nyingine. Nilijua tu kwamba sitaweza kumshika kichwa yule anayenisogelea gotini kila asubuhi.

Kesho yake alikuja mtaalamu wa mifugo, yule ambaye mtaa mzima humwita daktari. Hakuanza na Kishingo. Alizunguka banda, akawashika kuku wadogo, akanionyesha nilichokiona siku nyingi bila kukitilia maanani: vipele vya rangi ya kahawia kwenye upanga wa jogoo mdogo, na kimoja kwenye ukope wa mtetea mweusi. Mimi nilidhani ni alama za kudonoana. Kisha akatazama kinywa cha Kishingo, akanusa, akasema ni ndui ya kuku, ile inayoshuka mdomoni. Alinieleza kwamba ndui ya kuku huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni ya nje, yenye vipele vikavu kwenye sehemu zisizo na manyoya, na kuku wengi huivuka. Ya pili ni ya ndani, yenye utando kinywani na kooni, nayo ndiyo inayoua, kwa sababu kuku hushindwa kula au huzibwa pumzi.

Nilimuuliza kwa nini alinusa. Akasema kuna ugonjwa mwingine wa kinywa unaotokana na vijidudu ambavyo kuku huweza kuvipata kwa kunywa maji pamoja na njiwa, nao una utando kama huu na mara nyingi harufu mbaya, na dawa yake ni tofauti kabisa. Upungufu wa vitamini A nao huleta vinundu vyeupe kinywani na kooni. Vipele vya wale wadogo ndivyo vilivyompa uhakika. Ndui ni virusi, kwa hiyo antibayotiki niliyoinunua haikuwa na la kuvifanya, ingawa yaweza kusaidia vidonda vikiingiliwa na bakteria. "Mama, huo utando usiubandue tena," akasema. "Ukitoka wenyewe, sawa. Ukikaribia kuziba pumzi, niite mimi. Kazi yako wewe ni moja tu, ale."

Bibi alikuwa barazani akisikiliza. Neno ndui lilimfanya anyanyuke. "Ndui? Ndui ile ile?" Daktari akamtuliza kwamba virusi hivi ni vya ukoo mmoja na vile vya binadamu lakini havimpati mtu, na kwamba ndui ya watu Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kuwa imetokomezwa. Bibi hakujibu. Alipandisha mkono wa gauni lake akatuonyesha kovu la chanjo juu ya mkono, la mviringo, lililobonyea katikati, akalisugua kwa kidole kana kwamba anahakikisha bado lipo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemhudumia Kishingo kwa bidii kuliko yeye.

Kumlisha ndiko kulikotufundisha subira. Nilipika uji mwepesi wa dona, nikaupoza hadi ukawa vuguvugu, nikachanganya yai lililochemshwa na kupondwapondwa, unga wa dagaa kidogo, na unga wa majani ya mlonge niliyoyakausha kivulini. Kila siku niliongeza boga au papai bivu lililopondwa, maana kwa muda mrefu kuku wangu walikuwa wakila pumba za mahindi meupe na mabaki ya makopa, vyakula ambavyo havina vitamini A ya kutosha kulinda ngozi laini ya kinywa. Upungufu huo haukuleta ndui, hilo nalielewa, lakini naamini ulimkuta akiwa na kinywa kisicho na nguvu ya kujitetea.

Tatizo lilikuwa kuufikisha uji huo tumboni. Nilitumia bomba la sindano lisilo na sindano yake. Mara ya kwanza nilimimina katikati ya ulimi, akapaliwa, nikaogopa sana. Kumbe ule mwanya wa pumzi upo hapo hapo nyuma ya ulimi, na chochote kinachomiminwa kwa haraka huweza kuingia mapafuni. Baada ya hapo nilidondosha tone moja tu kwenye ukingo wa mdomo, karibu na ncha, kisha nikasubiri alikusanye mwenyewe kwa ulimi, ainue kichwa, ameze. Nilitazama shingo: kitu kidogo kikishuka chini ya ngozi nyekundu, ndipo tone la pili. Kijiko kimoja kilichukua karibu robo saa. Tulimlisha alfajiri, baada ya adhuhuri, alasiri, na baada ya magharibi, na kabla ya kila mlo nilipapasa gole lake, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, kuona kama mlo uliopita umeshuka. Vidonda nilivigusa kwa pamba iliyolowa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha iodini kidogo sana, nikihakikisha hamezi maji hayo, kwani chumvi nyingi ni sumu kwa kuku. Kuna walioniletea shubiri na mwarobaini, nami niliwashukuru, lakini sikuvitumia. Kuku ambaye kila tone analipigania hastahili kupewa tone chungu.

Siku ya tisa na ya kumi zilikuwa mbaya kuliko zote. Utando ulikuwa umerudi palepale nilipoubandua, mnene kuliko wa kwanza, na usiku alilala ameinua shingo, mdomo wazi. Nilimpima kwa mikono. Kidari chake kilikuwa kikali kama ukingo wa jahazi. Usiku ule wa kumi niliamka mara nne kusikiliza kama bado anakoroma, kwa sababu mkoromo ndio uliokuwa dalili ya uhai.

Ndui ya kuku hubebwa na mbu, na hilo lilinipeleka nyuma ya jiko langu mwenyewe. Pale nilikuwa nimerundika vifuu vya nazi kwa ajili ya kuwashia moto. Mvua ilikuwa imevijaza maji, na nilipokiinua kimoja nikaona viluwiluwi vya mbu vikijipinda ndani yake. Tuliviondoa vyote, vilivyofaa tukaviweka darini vikauke. Chandarua cha zamani kilichopasuka nilikifua nikakifunika juu ya tenga, na banda la wengine nikalizungushia kilichobaki. Magamba ya vipele yanayodondoka nayakusanya na kuyachoma, kwa kuwa virusi hivyo huishi miezi mingi ndani ya gamba lililokauka.

Nilikuwa mtu wa kuchanja. Mdondo, ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri, huwachanja kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni, nikadhani nimetimiza wajibu. Ndui ina chanjo yake, nayo huchomwa kwenye utando wa bawa kwa sindano yenye ncha mbili. Chupa moja hutosha kuku wengi mno kuliko wangu, na ikishachanganywa haiwekwi akiba, kwa hiyo ilinibidi nipite nyumba kwa nyumba. Siku ya 16 dawa ilipopatikana, majirani walikuja na matenga yao hapa uwanjani, na yule aliyenishauri kuchinja alikuwa wa kwanza kufika. Tuliwachanja wale tu waliokuwa hawajaonyesha dalili.

Utando wa Kishingo ulianza kuachia siku ya 14, kipande kwa kipande, bila damu. Leo asubuhi nilikaa kwenye mbuzi, naye akatoka ndani ya tenga kwa miguu yake akaja kusimama gotini. Sikumpa nazi. Niliweka punje moja ya hindi iliyolowekwa usiku kucha kwenye kiganja. Aliitazama kwa jicho moja, akaidonoa, akainua kichwa, nami nikaiona ikishuka shingoni polepole, ikasimama kidogo katikati, kisha ikaenda zake. Nilimwita Bibi aje aone, lakini alipofika ilikuwa imeshapita, ikabidi nimpe nyingine.

Bado sauti yake ina ukwaruzo, na hajataga. Kesho zitatimia siku nane tangu wale wengine wachanjwe, na daktari ameagiza nitafute uvimbe mdogo mahali sindano ilipopita, kwani asiye na uvimbe chanjo haikumshika. Nitawafunua bawa mmoja mmoja alfajiri kabla sijawafungulia.