Nilivyoizuia PostgreSQL isimalize RAM ya seva

Seva ilikuwa na RAM ya GB 16, hifadhidata ya PostgreSQL 15 juu ya Linux. Ripoti za mwisho wa mwezi zikianza kuvutwa, watumiaji wote walikatika kwa mpigo, kisha hifadhidata ikarudi yenyewe. Kwenye logi palikuwa na maneno `terminated by signal 9: Killed`. Ukiyaona, kimbilia logi ya Linux yenyewe, `dmesg -T | grep -i "out of memory"`: huko nilikuta Linux imeishiwa RAM na kuua mchakato mmoja wa PostgreSQL. Mchakato ukiuawa hivyo, PostgreSQL haiwezi tena kuiamini kumbukumbu ya pamoja, kwa hiyo hukata miunganisho yote na kujirejesha kutoka WAL (kumbukumbu za mabadiliko zilizoandikwa diskini). Ripoti moja inawaponza wote.

Kumtafuta mlaji, usitegemee safu ya RES (RAM inayoonekana kutumiwa na mchakato) kwenye `top`. Inajumlisha kurasa za shared_buffers (kache ya data inayotumiwa na michakato yote) ambazo mchakato umezigusa, hivyo GB zilezile huhesabiwa mara nyingi. Mimi husoma `RssAnon` ndani ya `/proc/PID/status`. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya mchakato wenyewe.

Mipangilio ilikuwa shared_buffers 4GB, work_mem (kumbukumbu ya kazi za kweri) 64MB, max_connections (idadi ya juu ya miunganisho) 300. Robo ya RAM kwa shared_buffers haina tatizo. Kiini kilikuwa work_mem, ambayo wengi huichukulia kuwa kikomo cha muunganisho mmoja. Sivyo: ni kikomo cha kila hatua ya kupanga data au ya hashi (jedwali la muda la kulinganisha au kukusanya safu) ndani ya kweri, yaani ombi moja la data, na tangu toleo la 15 hashi huruhusiwa mara mbili yake, kwa sababu hash_mem_multiplier ni 2. Ripoti yetu ilikuwa na hatua mbili za kupanga na hashi moja: 64 + 64 + 128, yaani MB 256. PostgreSQL ikiigawa kwa michakato mitatu inayofanya kazi sambamba, wasaidizi wawili pamoja na kiongozi, inaweza kufika MB 768. Ripoti 12 kwa pamoja ni GB 9, juu ya zile 4 za shared_buffers, na bado hujahesabu miunganisho mingine wala mfumo wenyewe.

Nilishusha kiwango cha wote, nikawapa wa ripoti chao:

`ALTER SYSTEM SET work_mem = '8MB';`
`SELECT pg_reload_conf();`
`ALTER ROLE ripoti SET work_mem = '48MB';`
`ALTER ROLE ripoti SET max_parallel_workers_per_gather = 0;`
`ALTER ROLE ripoti CONNECTION LIMIT 5;`

Sasa ripoti moja, bila wasaidizi, haizidi MB 192 kwa hatua hizo, na zote tano hazifiki GB 1. Amri za ALTER ROLE hushika kwenye miunganisho mipya tu, kwa hiyo funga ya zamani.

Ukishusha work_mem, kazi nyingine zitamwagikia diski. Niliweka `log_temp_files = '10MB'` ili nizione, kisha nikazipitisha kwenye `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)`, inayoonyesha kila hatua ya kweri ilivyotekelezwa. Ukikuta `external merge Disk` au `Batches` zaidi ya 1, yaani hatua imemwagikia diski, usikimbilie kuongeza work_mem. Kwetu indeksi ya (mteja_id, tarehe) iliiondoa kabisa hatua moja ya kupanga, na hakuna kiasi cha RAM kinachoshinda kazi isiyofanyika.

Miunganisho iliyokaa kimya nayo hula, kwa sababu kila mmoja hutunza kache yake ya taarifa za majedwali. Ukitaka kuthibitisha, endesha `SELECT pg_log_backend_memory_contexts(PID)` na utazame CacheMemoryContext kwenye logi. Niliweka PgBouncer mbele, programu inayowagawia watumiaji wengi miunganisho michache, kwa `pool_mode = transaction` (muunganisho hutolewa kwa muamala mmoja tu), nikashusha max_connections hadi 100 (hii inahitaji kuwasha upya). Kagua programu yako kwanza: LISTEN (kusubiri arifa) na SET (mipangilio) za kikao hazitabiriki katika hali hiyo.

Mwisho, kwenye Linux, niliweka `vm.overcommit_memory = 2` na `vm.overcommit_ratio = 80`, ili ikatae maombi ya kumbukumbu yanayopita kikomo badala ya kuua mchakato. Kumbukumbu ikibana, kweri inayoomba zaidi wakati huo hupata kosa la `out of memory` peke yake na wengine wanaendelea na kazi. Fanya hivi kwenye seva ya hifadhidata pekee. Programu nyingine zenye kuomba kumbukumbu nyingi kuliko zinavyotumia zitakataliwa.