Taa isiyosogea

Jana baada ya isha mwanangu wa mwisho kanijia na simu mpaka puani, baba hebu tazama. Manowari ya Norway imelala ubavu, nusu iko majini, imefungwa kamba za chuma kwenye majabali ya ufukweni kama punda mtoro. Nikaijua hapo hapo, Helge Ingstad ile, ya Novemba 2018, iligongana na meli ya mafuta usiku wa manane. Akanuliza: "Sasa baba, manowari ina rada, ina maaskari kibao, imeshindwaje kuliona limeli lote lile?"

Nikamwambia waliliona.

"Sasa?"

Nikamwambia kalale, kesho skuli. Yeye kalala kweli, mimi nikabaki macho mpaka saa saba, na wala si kwa ajili ya Norway.

Mnaonijua mnajua nilivyokuwa mwaka ule niliorudi likizo kutoka chuo Dar. Nilikuwa sishikiki. Sheria za kuzuia kugongana baharini, zile za 1972, nazisoma kwa kichwa kama juzuu amma, ukinitajia namba nakupa maneno. Ami, ndugu yake baba, akanichukua kwenye boti lake la mbao, lile la mashine ya lori, nipate masaa ya bahari. Unguja–Mkoani kule Pemba, Mkoani–Unguja. Saruji na bati kwenda, ndizi na mihogo kurudi. Tripu mbili za mwanzo hazina hadithi, nilitapika tu.

Ya tatu tunarudi. Giza la mwezi, huoni hata kidole chako. Ndizi mpaka juu, mbuzi kumi na kitu nyuma, na abiria wachache wamelala juu ya magunia (msiulize). Rada hatuna, tuna dira na redio inayokoroma. Kama saa saba usiku Ami akanipa sukani, akasema shika hapo hapo, mnara wa Nungwi utauona wenyewe, na ukiona kitu hukielewi niamshe. Akajifunika shuka nyuma ya kibanda. Hatua nne kutoka nilipo mimi, nimezihesabu mara nyingi sana tangu siku ile.

Basi upande wa kulia, kule kwa Tanga, kukawa na taa. Si moja, nyingi, nyeupe, zimekaa pamoja kama harusi. Nikajisemea wavuvi wa dagaa hao na karabai zao, si ndio giza lao hili. Taa zimekaa sawasawa na nguzo ya kulia ya kibanda, ile iliyobanduka rangi. Nikamimina chai, nikanywa nusu, nikatazama tena, ziko kwenye nguzo ile ile. Na mimi nikafurahi, wallahi nilifurahi, nikasema hawa wametia nanga, hawasogei, hawana shida na mtu.

Wanaojua bahari hapa washashika kichwa. Kwa wasiojua: taa ya chombo kingine ikitembea mbele ya macho yako, ikaenda mbele au ikarudi nyuma, ujue mtapishana. Taa ikiganda mahali pamoja huku inakua, basi wewe na yeye mna miadi. Swali hilo hilo nililijibu kwenye mtihani miezi miwili kabla, nikachora na mchoro, mwalimu akaniwekea vyema mbili. Na kule baharini nimesimama na kikombe cha chai naitazama ile ile nasema mashallah imetulia.

Kuna wakati niliona ndani ya zile nyeupe kama kuna wekundu. Wekundu mdogo. Hapo moyo ukanigonga kidogo, kwa sababu taa nyekundu ni ubavu wa kushoto wa chombo, na chombo kinachokuonesha ubavu wa kushoto kikiwa kuliani kwako, kinakata njia yako, na sheria inasema wewe ndiye wa kumpisha. Nikageuka kumtazama Ami. Anakoroma. Nikafikiri nikimwamsha kwa ajili ya karabai atasema nini, huyu ndiye msomi wetu? Kesho Malindi nzima, pale bandarini Unguja, itajua. Nikasema ngoja niangalie dakika mbili tatu. Nikaangalia. Mara ya pili nikageuka tena, nikafungua na mdomo, nikaufunga.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa Kipemba, anakwenda hospitali ya Mnazi Mmoja na mguu wake, ambaye alikuwa kaamka kutapika. Akajifuta mdomo kwa kanga, akanambia taratibu kabisa, kama mtu anayekwambia mlango wako uko wazi: "Mwanangu, limeli lile latujia hilo."

Nikamwambia, jamani nilimjibu hivi, "Hapana bibi, wavuvi hao."

Akasema, "Wavuvi wana roshani?"

Nikatazama. Bwana wee. Ghorofa. Taa zote za deki zimewashwa, ndio maana zile za njia zilikuwa zimemezwa, na chini ya taa kuna ukuta wa chuma mweusi unaotoka kwenye giza, haupigi hata kelele, kelele zote ni mashine yetu sisi. Kitu nilichokiona kikanibakia mpaka leo ni kamba ya nguo. Nyuma kule kwenye nyumba ya mabaharia wameanika, na kuna shati la njano, linapepea, mikono juu, mikono chini. Nililiona mpaka vifungo, au naamini niliviona. Sukani nimeishika na sikuigeuza popote. Watu wanasema mwili uliganda, mi sikuganda, nilikuwa nasoma sheria kichwani, namba kumi na tano, neno kwa neno.

Ami sijui nani kamwamsha, bibi nadhani. Alikuja na kikoi kimemlegea, hakusema neno, akanisukuma kwa bega akazungusha sukani kulia. Kulia! Kule kule kwenye meli. Nikapiga kelele nikidhani usingizi umempotosha. Ukuta ukaja, ukajaa kibanda chote, nikasikia sasa mngurumo wake tumboni kwangu, halafu ukaanza kuteleza kwenda kushoto, shati la njano likapita, nyuma ya meli ikapita, na sisi tukaingia kwenye povu lake. Boti likainama mpaka mbuzi wakalia wote kwa pamoja na mikungu ikaangukia watu. Meli ikaenda zake. Haikupiga honi hata moja, sidhani kama kuna mtu alituona, na jina lake sikulisoma.

Ami akafunga kikoi. Akauliza tu, "Dagaa gani wanavuliwa kwenye maji marefu namna hii?" Basi. Hakuniuliza kwa nini sikumwamsha, na hilo ndilo nililokuwa nimejiandalia jibu.

Hii ndiyo sababu nilimwambia mtoto akalale. Ripoti za Norway mimi nimezisoma zote. Meli ya mafuta ilikuwa ndiyo kwanza imetoka gatini na taa za deki zinawaka, wale vijana wa manowari wakadhani ni kitu cha pwani kisichosogea, zamu ndiyo kwanza wamepokezana, na juu ya hapo palikuwa na watu wanafundishwa kazi. Watu 137 mle ndani na Mungu akawanusuru wote. Wamarekani hawakuwa na bahati hiyo. Juni 2017 kule Japani manowari yao Fitzgerald iligongana na meli, saba walikufa, maji yaliwakuta kwenye vyumba vya kulala. Meli ile nyingine ilikuwa inakuja kutoka kulia, na amri ya kepteni ilikuwa niamsheni, na ofisa wa zamu hakumwamsha. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikatoka nje nikakaa barazani. Miezi miwili baadaye manowari yao nyingine, McCain, ikagongana karibu na Singapore, kumi wengine, hawa waliparaganyikiwa na skrini ya kugusa, hawakujua nani ameshika usukani na nani ameshika mwendo.

Watu wakasema mafunzo, na ni kweli, mwaka 2003 Wamarekani walifuta kozi ya darasani ya miezi wakawapa maofisa vijana sidii wakajisomee melini, baada ya vifo ndiyo wakaongeza darasa na simuleta. Sawa. Lakini mimi darasa nililipata jamani. Darasa zuri. Kumwamsha mtu aliyekuzidi umri ukamwambia sijui hiki ni nini, hilo sikumbuki kulisoma mahali, na simuleta za siku hizi sijui kama wanaweka mzee anakoroma pembeni.

Tripu iliyofuata nilimwamsha Ami mara tatu. Ya kwanza ilikuwa jahazi kweli. Ya pili mnara wa Nungwi, akaniambia mnara huo. Ya tatu ilikuwa alfajiri inakaribia, taa moja nyeupe, kubwa, chini kabisa mashariki, imeganda, na mimi sikungoja hata dakika, nikamtikisa. Akainuka na shuka lake, akasimama mlangoni, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Zuhura hiyo," akasema. "Nyota."

Akarudi kulala. Sikumsikia akikoroma tena mpaka tunaingia Malindi.