Nusu ya Nane

Mama mwenye nyumba aliniandikia kwa Kiingereza kwamba atanikabidhi funguo "half eight". Kwa Kiingereza cha Waingereza, nilichosomeshwa nami nikakisomesha miaka minne, hiyo ni saa mbili unusu. Basi nikafika Žižkov, mtaa wa Praha, Ucheki, saa mbili na robo usiku, mwezi wa Februari, nikiburuta begi la kilo 23, nikasimama mlangoni najisifu kwa kuwahi. Hakuna mtu. Ikapita nusu saa, vidole vimekufa ganzi. Nilipompigia simu akanijibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha vua viatu: alinisubiri tangu saa moja unusu, akachoka, akaenda zake.

Wacheki saa moja unusu huiita "půl osmé", yaani nusu ya nane: saa ya nane imeanza, imefika nusu yake. Yule mama aliyachukua maneno yake akayavisha Kiingereza, basi. Nami Mswahili, ambaye hiyo nane yao kwangu ni mbili, nikabaki pale barazani na hesabu tatu za saa kichwani, hazisikilizani. Alirudi lakini, Mungu ampe heri, akanifungulia na chai akanipikia.

Nilikwenda Praha kusomea CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha watu wazima Kiingereza. Ni wiki nne, kama saa 120 hivi, insha nne, na saa sita za kufundisha darasa la watu wa kweli huku mkufunzi amekaa nyuma na kalamu yake. Digrii ya ualimu ninayo, namba ya TSC, tume ya walimu ya Kenya, ninayo, ajira ndiyo sina. Nilikuwa nikifundisha akademia ya mtu binafsi Mombasa, mshahara unakuja ukipenda. Shabaha yangu ilikuwa shule za lugha za Ghuba, na matangazo yao mengi niliyoyaona yalitaka cheti hicho. Nilichagua Praha kwa kuwa ada na kodi ya chumba viliniangukia nafuu kuliko London. Sababu ya pili sikumwambia mamangu: nilitaka mji ambao sina binamu.

"Mwanangu, Kiingereza ukakisomee kwa wasio Waingereza?"

"Wakufunzi ni Waingereza, mama."

"Si wangekuja wao huku?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Koti nililinunua Kongowea, kwenye mitumba, kwa bei ya kutupa, maana Mombasa nani ana haja na koti zito la magotini? Muuzaji alinicheka: "Wenda wapi na blanketi hilo, dada?" Lebo ya ndani ilikuwa ya Kijerumani. Nikawa kama nalirudisha kwao.

Tuliokuja kusomea cheti tulikuwa sita. Watano walizaliwa na Kiingereza mdomoni. Kwangu mimi kilikuwa cha tatu, baada ya Kiswahili na Kiarabu cha chuoni. Usiku wa kuamkia somo la kwanza sikulala, nikihofia matamshi yangu. Kumbe kasoro ilikuwa kwingine. Niliandika ubaoni, nikaeleza, nikatoa mifano, nikauliza, "Tumeelewana?" Wanafunzi wangu, Wacheki watu wazima, wakaitikia "no, no". Nikaeleza upya. "No, no." Nikaeleza tena, jasho linanitoka na nje kuna theluji. Nilipomaliza, mkufunzi akanionyesha daftari lake: katika dakika 40, mimi peke yangu nilizungumza 31. Akasema "tumeelewana" si swali, kwa kuwa mtu mzima hatajiaibisha mbele ya wenzake. Uliza jambo ambalo jibu lake litamfichua mwenyewe. Halafu, kwa huruma, akanieleza kwamba "no" ya Kicheki cha mitaani ni kama "ehe" yetu. Walikuwa wamenielewa tangu dakika ya tano.

Kosa jingine nililitoka nalo nyumbani. Nikichoka, "he" na "she" hunichanganyikia, kwa sababu kwetu ni yeye tu. Hawa wenzetu hata meza ina jinsia, ni dume, na kitabu ni jike. Nilikuwa nawaonyesha picha ya bibi mmoja mwenye kilemba, nikisimulia "he" mpaka mwisho, ndipo mzee mmoja, fundi wa lifti, akaniuliza kwa adabu sana kama yule bibi ana tatizo gani. Matamshi nayo yalitugawa. "Th" haikunipa shida, thelathini na dhahabu zimekwisha ulainisha ulimi. Wao walisema "sank you". Lakini "ship" na "sheep" mimi huzisikia sawa, na wao wana i fupi na í ndefu katika lugha yao. Hapo walimu walikuwa wao.

Wiki ya tatu nikapangiwa "a" na "the". Wenzangu walinisikitikia. Mmoja wao, kijana wa Manchester, alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba hiyo mtu huisikia tu moyoni. Mimi sikuisikia moyoni. Niliisikia kiganjani, kwa rula ya mwalimu wangu wa darasa la sita. Kiswahili hakina vitu hivyo, Kicheki hakina, kwa hiyo nilijua hasa shimo liko wapi. Nikaanza na hadithi: palikuwa na sungura, kisha yule sungura. Wao wana "ten", inayofanya kazi kama "yule" yetu mtu akisimulia. Wakaanza kuziona. Si wote, na si siku hiyo yote.

Ila raha niliipata kwenye "have". Kicheki hakitenganishi "nimepoteza" na "nilipoteza" kama tufanyavyo sisi. Hiyo -me- yetu, ambayo sikuwahi kuishukuru maishani, ndiyo niliyoishika. Nikachora picha mbili. Ya kwanza, mwanamke yuko nje ya mlango, theluji inamwangukia, begi miguuni: "I have lost my key." Ya pili, yumo ndani, kikombe cha chai mkononi, anasimulia ya jana: "I lost my key." Nikauliza, "Yupi ana baridi sasa?" Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonigharimu ada yote ile. Fundi wa lifti akafikiri, akasema: "I have repaired lift. Please go." Nikampigia makofi. "The" yake nikamwachia, ya siku nyingine.

Jioni zilikuwa ndefu. Mwanzoni mwa mwezi, saa kumi na moja jua limezama. Dirishani kwangu niliuona mnara wa televisheni wa Žižkov, na yale masanamu ya David Černý ya watoto wachanga wasio na nyuso, wanautambaa kama mijusi ukutani. Nilipika wali kwa tui la kopo, nikala peke yangu, nikaandika andalio la somo hadi usiku wa manane. Nikipanda tramu namba 9 niliyasikiliza maneno ya watu yakipita kama upepo, nikawaza watoto wangu wa Mombasa, niliowazungumzia dakika 31 kila siku kwa miaka minne. Na wale Wacheki, nchi haina bahari, wanasalimiana "ahoj" kama mabaharia.

Nilifaulu, daraja la kawaida, B ilinipita. Koti nililiacha kwenye msumari nyuma ya mlango, atakayekuja alikute. Mamangu alinipokea uwanja wa ndege akanikagua. "Umekonda. Kiingereza kimeongezeka?" Nikamwambia kimepungua, sasa nazungumza kidogo darasani. Hakufurahi.

Nimetuma maombi tisa. Shule mbili zimejibu zinataka waliozaliwa Uingereza au Marekani tu. Nyingine ziko kimya. Shule moja ya Muscat imeniita mahojiano kwa video Jumanne, "half six". Nimewaandikia kuuliza ni 17:30 au 18:30, na ni ya kwao au ya Mombasa. Bado hawajajibu.