Kitu cha kuchezea

Wiki hii Yaya, dada yangu, amejifungua salama, mtoto wa kiume, na kazini tumeambiwa mishahara itachelewa tena. Lakini kilichonikalia kichwani ni maneno ya Shangazi.

Nilimpelekea koti la mvua nililojishonea, pale kwake Kadutu, hapa Bukavu, kwa kuwa mashini ni yake na ndiye aliyeniachia niitumie jioni. Yaya naye alikuwepo, tumbo limejaa, amekalia gunia la vipande. Shangazi hakulitazama koti kwa nje. Aligeuza ndani ikawa nje, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono wa mkono, polepole, toka shingoni mpaka kwapani.

"Uzi gani huu?"

"Poliesta, Shangazi. Wa pamba unanyonya maji na kuyaingiza ndani."

"Na hapa kwapani umesahau kufunga."

"Sikusahau. Nimeacha wazi jasho litoke."

Akanirudishia. "Mashini hii imesomesha watoto sita, mama. Haijawahi kushona kitu cha kuchezea."

"Si cha kuchezea, Shangazi."

"Basi ni cha nini?"

Papo hapo akaingia mteja na sketi ya bintiye, nami nikaaga na jibu langu mdomoni. Nimetembea nalo tangu siku ile, kwenye teksi, jikoni, hata hospitalini nimempakata mtoto wa Yaya. Ni cha nini?

Ni cha asubuhi ile ya msimu uliopita, mnaikumbuka, mvua iliponikuta nikikimbia Nguba na sweta la pamba. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mawingu yakishuka kutoka upande wa mlima Kahuzi, baridi yake si ya kuzoea. Anayekimbia ana joto lake, ila nguo ikishalowa, upepo wa ziwa unalichukua lote mara tu anapopunguza mwendo. Nilifika nyumbani vidole havishiki ufunguo. Makoti ya mvua ya mjini ni plastiki nzito ya watu wa pikipiki. Ukikimbia nalo unachemka.

Kitambaa nilikipata kwenye mitumba: kifuniko cha hema, nailoni nyembamba iliyofumwa kwa miraba midogo midogo ili ikichanika, mchaniko usiendelee. Nilikidondoshea maji mbele ya muuzaji. Tone likasimama, likabiringika kama zebaki. Nikabandika mdomo na kupuliza, hewa haikupita. Hapo ndipo penye kazi. Vipo vitambaa vinavyozuia mvua na kuachia mvuke wa jasho, vya ukoo wa ule utando alioupata Bob Gore mwaka 1969 alipoivuta kwa ghafla PTFE, plastiki ile ya sufuria zisizogandisha chakula, lakini mimi hapa nitavitoa wapi? Changu hakipitishi chochote, basi nguo ipumue kwa namna ilivyokatwa: uwazi kwapani, na mwingine mgongoni chini ya kipande kinachoufunika. Mikono niliikata ianzie shingoni, pasiwe na mshono juu ya bega ambako mvua hupiga kwanza. Pini sikuzigusa, maana tundu kwenye nailoni halijizibi. Nilishikiza kwa vibanio vya nywele. Sindano namba 70, hatua za milimita 3, gazeti chini yake kitambaa kisiteleze. Kila mshono niliukunja nikaupiga mara mbili, kisha nikaupaka silikoni ya mafundi wa vioo iliyolainishwa kwa kiyeyushio cha rangi. (Mkijaribu, anzeni na kipande cha pembeni: utando wa hema ukiwa si wa silikoni, silikoni haitashika.) Kwenye mizani ya duka la unga koti zima halikufika gramu 200.

Haya yote nilimmwagia Yaya kitandani kwake, kwa sauti, mpaka mgonjwa wa jirani akageuka. Yaya akaningoja nimalize.

"Wewe uliondoka mapema," akasema. "Yule mteja alipotoka, Shangazi aliniambia mshono wako umelala."

Umelala! Mnaomjua Shangazi mnajua kwamba wanafunzi wake wanamaliza mwaka mzima bila kulisikia neno hilo. Nimemtaka Yaya alirudie, akalirudia, akaniambia nimwache anyonyeshe.

Sitaki tena kumjibu Shangazi. Ninachokiona sasa ni meza yake, mashati meupe na sketi za buluu zimepanda mpaka dirishani, shule zinafunguliwa, naye jioni zile alinipisha kwenye kiti akakaa anachambua mchele. Hakunidai hata uzi.

Jumamosi alfajiri ikanyesha. Nilishuka mpaka karibu na daraja la Ruzizi na kupanda tena, kifua kikavu, matone yakikimbia mikononi, nikawa ninaimba kwa nguvu barabarani na walinzi wa mageti wananitazama.

Wakati wa kurudi nilipitia kwa Yaya kufungua madirisha. Ule ufa kwenye ukuta wa mawe ulio juu ya nyumba yake, ambao kabla ya likizo ulikuwa haupitishi hata ukucha, sasa unaingia kidole, na mvua ndiyo kwanza zinaanza. Mwenye kiwanja cha juu hapokei simu. Yaya anatoka hospitalini kesho. Chumba changu ni kimoja, lakini nitamwambia shemeji waje kwangu wote, tubanane, mpaka mtu aje autazame ule ukuta.