Mzee wa Msimbazi na pua yake

Nimerudi sasa hivi kutoka Salenda, Dar es Salaam, pale mto Msimbazi unapomwaga maji baharini. Viatu nimeviacha nje, mtanisamehe majirani.

Tulikwenda kuchukua sampuli za maji. Ilibidi tusubiri yapwe kwanza, maana yakijaa bahari inaupanda mto, unajikuta unapima bahari.

Kazi yenyewe ina masharti. Mdomo wa chupa unauelekeza mkondo unakotokea. Ndani ya kifuniko huruhusiwi kugusa, vidole vyako vina bakteria wao. Kisha haraka kwenye barafu, maabara wanataka chupa ya bakteria mapema.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa anatuangalia tu. Mwisho akauliza:
"Wanangu, hayo maji mnayapeleka wapi?"
"Maabara, mzee wetu."
"Si mngeniuliza mimi? Hii pua imeshapima tangu alfajiri."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Nimekaa nalo njia nzima. Nchi 10 za ukanda huu, Somalia hadi Afrika Kusini, zimo kwenye Mkataba wa Nairobi wa 1985 wa kulinda bahari yetu, na vipimo vina kazi yake: pua haioni zebaki. Lakini mzee yupo pale kila siku. Sisi tunakuja na kuondoka, na sidhani kama kuna aliyewahi kumrudishia majibu.

Haya, wa Tanga, Mombasa, Maputo: mto wenu ukifika baharini unanukaje? Semeni ukweli 😅